Dola na Sinema Ulaya (II): Ushuru wa Tiketi Ufaransa

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Ufaransa ilikuwa imeelemewa na madeni, na mnamo Mei 1946 Léon Blum alitia sahihi mjini Washington, pamoja na waziri James Byrnes wa Marekani, mapatano ambayo kwayo sehemu kubwa ya madeni hayo ilisamehewa, mkopo mpya ukatolewa, na majumba ya sinema ya Ufaransa yakafunguliwa kwa filamu za Hollywood, isipokuwa majuma 4 katika kila majuma 13, yaliyowekwa akiba kwa filamu za wenyeji. Filamu zilizolimbikizana tangu siku za vita, ambazo aghalabu zilikwisha kurudisha gharama zake huko kwao, zikamiminika, na Januari 1948 waigizaji na mafundi wakaandamana Paris.

Serikali haikuzipiga marufuku filamu za kigeni, na hapo ndipo ninapoiona hekima yake. Ushuru wa tiketi, uwe wa filamu ya Marekani au ya Ufaransa, ulitengwa kwa sheria ya Septemba 1948 uwe fungu la sinema yenyewe, na amana yake leo imo mikononi mwa CNC, idara iliyoundwa Oktoba 1946. Kiwango chake sasa ni asilimia 10.72: mtu akinunua tiketi ya yuro 10, takriban yuro 1 na senti 7 haimfikii mwenye jumba wala msambazaji, bali huingia katika mfuko huo. Mtayarishaji ambaye filamu yake imetazamwa huandikiwa humo haki yake kwa kadiri ya tiketi zilizouzwa, lakini hapewi aitumie apendavyo. Sharti airudishe katika kazi ya filamu.

Utaratibu huu, hata hivyo, humzidishia aliyekwisha kupata, ilhali anayeanza hana tiketi za jana za kumdhamini. Ndiyo sababu mwaka 1959, zama za waziri André Malraux, ukaongezwa mkopo utangulizi: tume husoma mswada, na ikiridhia hutoa fedha kabla ya picha kupigwa, zirejeshwe filamu ikileta mapato. Nyingi hazirejeshi, wala mimi siihesabu hiyo kuwa hasara, kwa kuwa mkopo wenyewe uliwekwa kwa ajili ya kazi ambazo soko peke yake lisingezithubutu.

Msomaji anayesikia kwamba sinema ya Ufaransa hulishwa na hazina ya serikali na akumbuke kwamba mfuko huu ulijengwa kwa fedha za watazamaji. Juma lijalo, inshallah, tutaueleza mpango wa MEDIA, ulioanzishwa na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1991.