Embe ndani ya unga: pai za kuoka mwambao wa Kirando

Kirando ni mji wa karai. Mitumbwi ya dagaa inaporudi alfajiri kutoka Ziwa Tanganyika, mafuta yameshachemka: maandazi, vitumbua, chapati, sambusa, na jua likipanda ni zamu ya migebuka. Ujuzi huo ni mkubwa na sina neno baya juu yake. Lakini kila mwaka mvua zinapoanza na maembe ya mwambao yanapoiva kwa mkupuo, karai halina msaada. Embe bichi huliwa kwa chumvi na pilipili, bivu huliwa mpaka watoto wanakinai, na yanayobaki huozea chini ya miti au huuzwa kwa bei ya kutupa, kwa kuwa jirani naye ana mwembe wake. Inauma kuyaona. Kuna njia ya kuyatumia ambayo naona tumeipuuza: kuyapika yawe jamu nzito, kuifunga jamu hiyo ndani ya unga wa ngano uliochanganywa na mafuta, kisha kuoka kwa moto wa juu na wa chini.

Pai ya namna hiyo ndiyo Wamarekani waliyoipeleka kiwandani. Mwaka 1964 kampuni ya Kellogg's ilianza kuuza Pop-Tarts: vipande viwili vyembamba vya unga, jamu katikati, kingo zimebanwa, na ukubwa wa kuingia kwenye tosta. Washindani wao, kampuni ya Post, ndio waliotangulia kutangaza kwamba wanakuja na kitu cha aina hiyo, lakini walitangaza kabla hakijawa tayari kuuzwa. Kellogg's wakakimbilia kiwanda cha Hekman huko Grand Rapids, Michigan, wakawapita. Meneja wa kiwanda hicho aliitwa William Post, jina lililofanana na la washindani kwa bahati tu. Alifariki Februari 2024 akiwa na miaka 96. Sukari ya kupaka juu, isiyoyeyuka ndani ya tosta, iliongezwa mwaka 1967. Maarifa yao yalikuwa ya kiwanda: maji kidogo, sukari nyingi na kifungashio kisichopitisha hewa, ili pai ikae kabatini kwa miezi bila friji. Nyumbani hatuna haja ya miezi. Hata tosta hatuihitaji, na ni heri, maana nyumba nyingi za wilaya yetu ya Nkasi hazina na hazijapungukiwa kitu.

Wala pai ya kuoka isionekane ngeni. Sambusa ni ndugu yake wa damu. Katika karne ya 14 msafiri Ibn Battuta aliandika habari za sambusa za nyama na lozi alizoziona kwenye karamu za Sultani wa Delhi, na katika Asia ya Kati mpaka leo sambusa ya huko, iitwayo samsa, hubandikwa kwenye ukuta wa ndani wa tanuri la udongo ikaiva bila tone la mafuta ya kukaangia. Pwani yetu mkate wa mofa nao huokwa kwa kubandikwa. Kirando ilikuwa mojawapo ya vituo vya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili katika karne ya 19, watu waliofika ziwani kwa misafara na kuvuka kwenda Kongo. Mapishi ya pwani yamefika mwambao na kukaa. Tanuri ndilo halikutia mizizi, na karai likashika nafasi yote.

Adui wa pai hapa mwambao ni joto, na kwa hili nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo linalowakatisha tamaa wengi wanaojaribu.

Kirando iko kwenye takriban mita 780 juu ya usawa wa bahari. Sumbawanga, juu kwenye uwanda wa Ufipa, iko karibu mita 1,800. Tofauti hiyo ya mita 1,000 unaisikia mwilini ukiteremka kutoka Namanyere, na unga nao unaisikia. Pai nzuri ni ile inayochambuka kwa matabaka ukiivunja. Matabaka hayo hutokana na mafuta magumu. Ukichanganya unga na mafuta yaliyoganda, hubaki vipande vidogo vidogo vilivyozungukwa na unga. Pai ikiingia kwenye moto, vipande vile huyeyuka na kuacha nafasi, maji yaliyomo kwenye unga hugeuka mvuke, na mvuke huo huziinua kuta za kila nafasi kabla hazijakauka. Lakini mafuta yakiyeyuka mapema, mikononi mwako au bakulini, unga huyanywa yote. Hapo hakuna nafasi tena ya kuinuliwa, na unachotoa ni kitu kigumu, kizito, kinachoacha mafuta vidoleni.

Siagi na samli huyeyuka kwenye nyuzijoto 32 hadi 35 hivi, na hulainika mapema zaidi. Mchana wa Oktoba ukiwa Kirando umeshakaribia hapo kabla hujatia mkono. Sumbawanga asubuhi ya Juni au Julai samli hukatwa kwa kisu. Walioko juu wana bahati. Walioko chini wana mtungi. Mtungi wa udongo huvuja jasho, jasho hilo hukauka kwa upepo, na kukauka kwake huondoa joto, kwa hiyo maji ya ndani huwa baridi kuliko hewa ya nje. Amka mapema kabla jua halijachoma. Kopo la mafuta lilale usiku kwenye beseni la maji ya mtungi, limefunikwa kitambaa kilicholowa. Bakuli la kuchanganyia lioshwe kwa maji hayo, mikono pia. Aliye karibu na duka lenye friji akapata barafu, hilo tatizo halimhusu sana.

Vipimo vyangu ni unga nusu kilo na mafuta robo kilo, yaani kopo moja la siagi ya dukani la gramu 250. Ongeza chumvi kijiko kidogo kimoja, sukari vijiko vikubwa viwili, yai moja, na maji baridi vijiko vikubwa sita, kisha kimoja kimoja kadiri unga unavyodai. Zitatoka pai 12 hadi 15. Anayetumia samli ajue kwamba haina maji ndani yake, tofauti na siagi, kwa hiyo unga wake utadai maji zaidi.

Kuhusu unga nina neno. Uwanda wa Ufipa ni miongoni mwa sehemu chache za Tanzania zinazolima ngano, ilhali sehemu kubwa ya ngano tunayokula nchini inaagizwa kutoka nje. Pai haidai unga wenye nguvu kama mkate wa kuumuka. Unga dhaifu kidogo unaifaa zaidi. Kwa hiyo ngano iliyolimwa Ufipa na kusagwa kwenye mashine ya kawaida, ukiichekecha kuondoa pumba kubwa, inatosha kabisa kwa kazi hii. Ningependa kuona mwokaji wa Kirando akiiulizia sokoni, akaichanganya nusu kwa nusu na unga wa dukani mpaka aizoee.

Anayejua chapati ndiye atakayepata taabu mwanzoni. Mikono yake imefundishwa kukanda, kukunja na kuvuta, na kazi hiyo huunganisha protini za ngano ziwe uzi mrefu unaovutika, unaoitwa gluteni. Chapati inautaka uzi huo. Pai haiutaki. Sugua mafuta kwenye unga kwa ncha za vidole, haraka, mpaka upate chengachenga zenye ukubwa usiolingana, nyingine ndogo kama mchele, nyingine kubwa kama harage. Acha hapo. Tia yai na maji, kusanya unga ushikane, usikande. Ukiuona una mikwaruzo na mabaka ya mafuta, uko sawasawa. Ufunge kwenye mfuko safi, uuweke juu ya maji baridi kwa nusu saa, upumzike na mafuta yarudie kuganda.

Jamu ipikwe siku moja kabla, ili iwe imepoa kabisa. Jamu ya vuguvugu itayeyusha mafuta kutoka ndani na kazi yote ya alfajiri itakuwa bure. Kilo moja ya nyama ya embe, sukari nusu kilo, maji ya ndimu mbili au tatu. Maembe yenye nyuzi yachujwe. Embe lililoiva sana lina utamu lakini halina ukali, wala halina pektini ya kutosha kuigandisha jamu, kwa hiyo changanya na machache ambayo hayajaiva vizuri. Pika kwa moto wa wastani huku ukikoroga, maana embe hushika chini upesi. Usitegemee kipimajoto cha vitabu vya kigeni kinachodai nyuzi 104, kwa kuwa kadiri unavyopanda juu maji huchemka mapema: Sumbawanga ni kwenye nyuzi 94 hivi, Kirando 97. Tumia sahani. Dondosha kidogo kwenye sahani baridi, pitisha kidole katikati. Njia ikibaki wazi bila kufungika, epua. Kwa pai naipenda nzito kupita ya kupaka kwenye mkate, kwa sababu jamu nyepesi huchemka ndani na kupasua kingo.

Juu Ufipa, wakati wa masuku, matunda ya mwituni, nayo yapondwe, yachujwe mbegu, yapikwe hivyo hivyo. Ladha yake naiweka juu ya embe. Asali peke yake haifai, itakimbia yote. Iponde na karanga zilizokaangwa mpaka ishikane, nayo ni tamu mno.

Kusukuma unga ni kazi ya kibao kile kile cha chapati. Nyunyiza unga mkavu, sukuma mpaka unene wa milimita tatu, kata vipande vya mstatili vya sentimita 8 kwa 10. Kipande cha chini pakaa yai lililopigwa pembeni mwote. Weka kijiko kikubwa kimoja cha jamu katikati, kisikaribie ukingo. Funika kwa kipande cha pili, bonyeza kwa vidole kisha kwa meno ya uma pande zote nne. Toboa juu mara kadhaa, maana mvuke usipopewa njia utajitafutia mwenyewe, na utaipata ukingoni. Unga ukianza kulegea mikononi, pumzika, urudishe kwenye baridi. Tamaa ya kumaliza haraka ndiyo inayoharibu pai nyingi za mwambao.

Asiye na oveni atumie sufuria kubwa nzito. Tandaza mchanga mkavu safi chini, unene wa vidole viwili, funika, uache upate moto kwa dakika ishirini. Panga pai kwenye sinia dogo lililopakwa mafuta, lilaze juu ya mchanga, funika kwa mfuniko wa bati ulio bapa na palia makaa juu yake. Kanuni ya waokaji wa pwani ni moto mwingi juu na mdogo chini, na ni kanuni ya kweli: ukikadiria makaa mara mbili juu kuliko chini hukosei sana. Moto wa chini ukizidi, pai huungua tumbo ilhali uso ni mweupe. Chungulia baada ya dakika ishirini. Kwa kawaida huiva kati ya 25 na 35, zikiwa na rangi ya dhahabu mpaka kwenye kingo. Mkaa ni ghali kwa fedha na kwa miti, na Ufipa ya juu imebaki nyasi tupu sehemu nyingi, kwa hiyo nashauri kuoka mara baada ya kuinjika maharage, moto ungali upo, na kuoka nyingi kwa pamoja.

Ziache zipoe kabla ya kuuma. Jamu hushika joto muda mrefu kuliko unga na huunguza ulimi wa mtoto vibaya. Anayetaka pambo achanganye sukari ya unga na maji ya ndimu, apake pai zikiwa baridi. Kesho yake, badala ya tosta, weka pai isiyo na pambo kwenye kaango kavu la chapati, moto mdogo, dakika mbili kila upande. Inarudi kuwa kavu nje na laini ndani, tena bila kungoja umeme. Kwa joto la Kirando zinakaa siku mbili zikiwa zimefunikwa kwa karatasi; mfuko wa plastiki huzilowesha. Huko Sumbawanga siku tatu hata nne.

Na mwambao usiokuwa na pai ya samaki haujatendewa haki. Chemsha mgebuka, toa miiba kwa subira, kaanga nyama yake na kitunguu, pilipili na ndimu mpaka maji yote yakauke, kwa sababu maji ndiyo yanayolowesha unga wa chini. Hapa sina budi kuyasifu mawese: yale ya Kigoma yakitulia hujitenga, mepesi yakabaki juu na mazito yakashuka, na hayo mazito ya chini, yakichanganywa nusu kwa nusu na siagi, hufanya unga wenye rangi ya machungwa na harufu inayoendana na samaki kuliko siagi peke yake. Punguza sukari, ongeza chumvi, oka vile vile. Pai hizi zisilale. Ziokwe asubuhi na ziishe siku hiyo hiyo.