Moyo Ukidunda Mbele ya Jopo

Vyuo vinavyouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi pale Nyeri hadi Karatina, Chuka na Meru, hutoa wahitimu wanaoijua kazi yao lakini wanaokwama wakiulizwa katika usaili wa kazi swali jepesi kuliko yote: hebu tueleze ulichofanya. Ushauri wanaopewa ni mmoja tu, tulia. Naona ushauri huo unawapotosha. Moyo unaodunda hautulizwi kwa amri, na si lazima utulie. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa waliojiambia kabla ya kuhutubu kwamba wamesisimka walihutubu vizuri kuliko waliojiambia wametulia. Tena wasiwasi huonekana kidogo kuliko anavyodhani mwenye nao. Wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walilithibitisha hilo mwaka 2003, na wasemaji waliodokezewa jambo hilo mapema walifanya vyema zaidi.

Hata hivyo, kujiambia maneno hakutoshi. Kujiamini hutokana na kuwa na cha kusema. Mwanafunzi aliyefanyia mafunzo yake katika kiwanda cha kahawa huko Othaya au Tetu akisema kuwa yeye ni mchapakazi, hajasema kitu. Hata mvivu husema hivyo. Lakini akieleza jinsi mkulima anavyochambua matunda mabichi kutoka kwa mabivu kabla ya kupima, jinsi kilo zinavyoandikwa, na alivyofanya siku hesabu ya mizani na ya daftari zilipokataa kulingana, ulimi utafunguka wenyewe, kwa kuwa anasimulia alichokiona. Visa vitatu vya namna hiyo, vikisemwa kwa sauti mbele ya mwenzako anayekukatiza kwa maswali, vina faida kuliko kukariri majibu usiku kucha.

Huku kwetu kuna hofu nyingine isiyotajwa vitabuni, ya kuchekwa kwa kuchanganya r na l katika Kiingereza. Wachekeshaji wamejipatia riziki kwa kuiga matamshi hayo, nao vijana wamejifunza kumeza maneno. Atakayepunguza mwendo ataeleweka, na jopo linaloajiri mhasibu halitafuti mtangazaji wa redio. Pia wengi wamelelewa kuona kujisifu ni aibu. Ni malezi mema, lakini kueleza kazi uliyoifanya si majisifu.

Kuna watakaosema haya yote ni bure, kazi ni za wenye jamaa vyeoni. Malalamiko hayo yana msingi, ingawa Katiba ya 2010, katika kifungu cha 232, inataka ajira za umma zitolewe kwa ushindani wa haki na sifa. Lakini asiye na jamaa ndiye hasa asiyeweza kumudu kwenda bila kujiandaa. Mwenye jamaa, hata akigugumiza, kazi ni yake. Wewe alama zako zinatoka katika zile dakika chache unazopewa kuzungumza.