Kupima Kiu ya Udongo Katika Bonde la Pangani

Kihisi cha unyevu hufukiwa karibu na mizizi ili kipime udongo umeyashika maji kwa nguvu kiasi gani. Udongo uliolowa huyaachia upesi. Ukikauka huyang'ang'ania, na mmea hupata taabu kuyavuta. Kipimo hicho husafiri kwa redio au laini ya simu hadi kwenye kidhibiti, nacho huwasha pampu ukavu ukifikia kiwango kilichowekwa, kisha huizima maji yakishafika mizizini.

Katika wilaya za Korogwe na Handeni, si kila shamba linahitaji chombo hiki. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, hufungua vitundu vya majani yake usiku, hupoteza maji kidogo na huridhika na mvua. Maji mengi kwenye mashamba yake hutumika kwenye korona, mashine inayochakata majani kuwa singa. Vihisi vina kazi zaidi kwenye vitalu vya miche, mboga na miti ya matunda. Kwenye skimu ya mpunga ya Mombo, kinachofaa kupimwa ni kina cha maji katika mifereji na majaruba.

Mfano mzuri umo nchini. Huko Kiwere, Iringa, katika mradi ulioanza mwaka 2013, wakulima walipewa kifaa cha Chameleon kilichobuniwa Australia: taa ya bluu ni udongo uliolowa, kijani unyevu wa wastani, nyekundu ukavu. Hakuna valvu iliyojifungua. Mkulima mwenyewe aliamua. Hata hivyo wengi walipunguza kumwagilia, na mbolea ikaacha kusombwa chini ya mizizi. Kwa hiyo ni busara kuanza na kipimo, mitambo ifuate baadaye.

Mitambo ina masharti yake. Maji ya mto wakati wa masika huja na tope linaloziba matundu ya mipira ya matone, hivyo chujio ni lazima. Valvu nayo iwe ya kujifunga umeme au mtandao unapokatika.

Mto Pangani una wengi wanaoutegemea: bomba kuu liitwalo HTM hupeleka maji yake Handeni, na mitambo ya umeme ya Hale, iliyoanza mwaka 1964, iko mtoni, chini zaidi kuliko Korogwe. Milimita 20 za maji kwenye hekta 50 ni lita milioni 10. Kihisi kikionyesha kuwa zamu moja haihitajiki, lita hizo hubaki mtoni.