Mbona aliyeanguka ndiye aliyeshinda?



Siku ya Mungu moja, kiisha ibada, tulikuwa watu 11 kuzunguka telefone moja. Binti wa mwenzetu anayeishi Marekani alikuwa ametutumia njia ya kutazama mashindano ya skii ya majini, yaani watu wanaoteleza juu ya maji huku wakivutwa na boti ya mbio. Sisi watu wa ziwa tulisema: maji tunayajua, hebu tuone. Tukachanga faranga za mega, tukakaa.

Tukaona mwanamke ameshika kamba, anapita kushoto na kuume kwa mipira fulani inayoelea, kiisha anaanguka. Tukalia wote: “Pole, mama!” Lakini mtangazaji alikuwa anashangilia. Akaja wa pili, naye akaanguka, mtangazaji akashangilia zaidi. Mwishowe mmoja wa wale walioanguka akapewa kikombe. Koko mmoja akatugeukia: “Ninyi walimu, mnafundisha wajukuu wetu. Mbona aliyeanguka ndiye aliyeshinda?” Hatukuwa na jibu. Na mega zikaisha palepale.

Neno lile lilitusumbua, tukaanza kuuliza na kusoma. Leo tunawaletea tulichopata, kwa sababu kinagusa jambo letu lingine, mtaliona mbele.

Mchezo huu ulianza mwaka 1922 katika Ziwa Pepin, jimbo la Minnesota, Marekani. Kijana wa miaka 18, Ralph Samuelson, alifunga mbao mbili miguuni, ndugu yake akamvuta kwa boti. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika mwaka 1949 huko Juan-les-Pins, Ufaransa. Leo kuna aina tatu kubwa: kuzunguka maboya, ambayo wanaita slalomu, kufanya mizunguko na miujiza juu ya maji, na kuruka kutoka ubao ulioinama.

Tuanze na slalomu, maana ndiyo iliyotushinda. Boti inapita katikati, moja kwa moja, bila kupinda. Njia yake ina urefu wa mita 259. Pembeni kuna maboya 6, matatu kila upande, na kila boya liko mita 11.5 kutoka katikati ya njia. Mchezaji anapaswa kuyazunguka yote 6. Kwa wanawake wa ngazi ya juu boti inakwenda kilometa 55 kwa saa, hivyo kazi yote inaisha kwa sekunde kama 17.

Akimaliza maboya 6, hapumziki kwa ushindi. Kamba inafupishwa, anarudia. Akimaliza tena, inafupishwa tena: mita 18.25, kiisha 16, 14.25, 13, 12, 11.25, 10.75, 10.25. Sasa tazameni hesabu, mama zangu. Boya liko mita 11.5, na kamba imebaki mita 10.25. Kamba haifiki! Mchezaji analala pembeni karibu kugusa maji, ananyoosha mkono na mwili wake wote ili skii yake ilizunguke boya. Mwili ndio unaojaza kile ambacho kamba imekosa.

Kamba inaendelea kufupishwa mpaka atakapokosa boya. Kwa hiyo karibu kila mmoja anamaliza kwa kukosa au kuanguka, hata bingwa. Swali si kwamba ameanguka au hapana. Swali ni ameanguka kwenye kamba ya urefu gani, na kwenye boya la ngapi. Tulipomweleza koko hivi, kwa vifuniko 6 vya chupa na kipande cha uzi juu ya meza, alicheka, akasema: “Kumbe ni kama maisha ya mama. Ukiweza na kidogo, wanakupunguzia tena.”

Sasa, kwa nini mtangazaji hakutuambia hayo? Si kwamba alikuwa mvivu. Aliongea bila kupumua. Lakini aliongea na ndugu zake wanaoujua mchezo. Alikuwa anataja “38” kiisha “39 na nusu”. Tulidhani ni alama. Kumbe ni futi zilizokatwa kwenye kamba ya zamani ya futi 75. Hivi namba inapanda huku kamba inapungua. Mgeni atajuaje? Angesema tu, “Kamba sasa ni fupi kuliko njia ya kwenda kwenye boya,” watu wote 11 tungesimama.

Tulitazama tena matangazo mengine, safari hii tukiwa na kalamu, tukaona mambo yanayomsaidia mtazamaji.

La kwanza ni macho. Kamera iliyo ndani ya boti inaonyesha uso na nguvu ya mchezaji, lakini haionyeshi umbali wa boya. Kamera ya ufukoni inaonyesha boya, lakini kamba haionekani vizuri. Droni iliyo juu inaonyesha boti, kamba na boya kwa mara moja. Matangazo mazuri yanachanganya hizo tatu, na hayabadilishi picha katikati ya boya.

La pili ni deni la mchezaji. Katika fainali nyingi wenye alama ndogo wanatangulia, wenye nguvu wanakuja mwisho. Kabla boti haijaondoka, mtangazaji aseme: “Huyu anahitaji maboya matatu kwenye kamba hii ili aongoze.” Hapo hata mtoto atahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu!

La tatu ni saa na marudio. Katika mizunguko, mchezaji ana sekunde 20 tu, mara mbili, na muujiza mmoja hauhesabiwi mara ya pili. Wengine wanashika kamba kwa mguu! Bila saa kwenye kioo na bila kurudia picha polepole, unaona mtu anazunguka kama pia, basi. Katika kuruka, wanaume wa juu wanapita mita 70. Ukiambiwa mita 70, unasahau. Ukiambiwa ni zaidi ya nusu ya kiwanja cha mpira, unashika kichwa.

La nne ni kimya. Boti ikirudi na mawimbi yakitulia, kuna dakika tupu. Wengine wanaziacha, wengine wanazijaza matangazo ya biashara. Aliye hodari anaeleza kanuni moja tu, kwa maneno machache, kwa ajili ya aliyefika sasa hivi. Na boti ikianza kukimbia, ananyamaza kidogo.

Sasa jambo letu. Mnamjua binti yetu wa mwaka wa tano anayetangaza mpira wa wasichana redioni kila mwisho wa juma. Juzi alikuja kwetu akilia. Ameambiwa kwamba wamama wanazima redio, na wasikilizaji wasipoongezeka saa ile itapewa muziki. Alitaka kuacha. Tuliwauliza wamama sokoni kwa nini wanazima. Hawakusema hawapendi. Walisema: “Hatuelewi nani anaongoza, na nani ni nani.”

Tukamweka binti mbele ya ile meza yenye vifuniko na uzi. Alielewa mbele yetu. Jumamosi iliyofuata alitaja alama kila baada ya dakika chache, akaeleza kuotea kwa mfano wa foleni ya bombani, akasema msichana gani ni wa mtaa gani. Muuza ndizi mmoja alituambia jioni: “Leo nilijua tunashindwa mbili kwa moja, nikaomba Mungu.” Hiyo yatutosha kwa mwanzo, ijapokuwa saa yenyewe haijaokoka bado.

Wamama, mpira wa wasichana usipoeleweka, hautasikilizwa. Usiposikilizwa, utafungwa, na watasema wasichana hawakuutaka. Hivi tunaomba: Jumamosi hii fungueni redio, sikilizeni mpaka mwisho, na msipoelewa neno, liandikeni mtuletee kwenye mkutano wetu. Msione haya kuuliza. Koko aliuliza swali moja tu kuhusu aliyeanguka, na sisi wote tukafundishwa.