Je, Wajua? Ampli ya Mtumba

Ampli ya wati 100 haitoi sauti maradufu ya ile ya wati 50. Tofauti ni desibeli 3 tu. Ili sikio lisikie maradufu, nguvu huzidishwa karibu mara 10!

Ampli hupokea ishara ya takriban volti 1 kutoka tundu la resiva lililoandikwa PRE OUT. Tundu la spika halifai: wati 100 kwenye spika ya omu 8 ni volti 28, za kuunguza ampli.

Transista ikifa, umeme mnyoofu (DC) huweza kupenya hadi kwenye spika na koili yake ikaungua kimya kimya. Ndiyo maana fundi hupima kwanza ampli ya mtumba kwa mita kabla ya kuunganisha spika.

Huko Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema nchini Kongo (DRC), wanakotegemea sola na betri, ampli ya gari hufaa zaidi: hula volti 12 moja kwa moja.