Ituri: Tembo wakiisha, nani atapanda miti ya msitu?

Kwenye barabara ya taifa namba 4, kati ya Mambasa na Nia-Nia, nyama ya pori iliyokaushwa kwa moshi inasafiri kwa pikipiki pamoja na magunia ya kakao na madumu ya mafuta ya mawese. Mnunuzi anaangalia bei na ukubwa wa kipande. Kazi ambayo mnyama yule alikuwa akiifanya msituni haionekani sokoni.

Barabara hiyo inapita katikati ya Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, yenye kilometa za mraba 13,726. Iliundwa mwaka 1992, na mwaka 1996 UNESCO ikaiandika kati ya mali za urithi wa dunia. Mwaka mmoja tu baadaye, kwa sababu ya vita na uporaji, iliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Miti mingi ya msitu huu haiwezi kusambaza mbegu zake yenyewe. Upepo chini ya miti ni mdogo, na mbegu inayoanguka miguuni mwa mti mama inakosa mwanga, tena inaliwa na panya na wadudu. Basi mti unamlipa mchukuzi: unatoa tunda tamu, mnyama analila, halafu anaiacha mbegu mbali. Hondohondo anabeba mbegu akiruka. Nyani na kima wanakula juu huku wakiangusha matunda mengine, na mboloko anayafuata chini.

Mchukuzi mkubwa kuliko wote ni tembo wa msitu. Tunda ambalo kima hawezi kulifungua, yeye analimeza zima. Anatembea nalo, mara nyingine makumi ya kilometa, kisha mbegu inatoka ndani ya kinyesi ikiwa na mbolea yake tayari. Mfano unaojulikana sana ni mti uitwao Balanites wilsoniana. Watafiti waliouchunguza katika msitu wa Kibale, nchini Uganda, waliona kwamba mbegu zilizopita tumboni mwa tembo zinaota vizuri zaidi, wakati matunda yasiyookotwa yanaozea chini ya mti.

Si miti yote inayomtegemea. Mbau, mti unaotawala sehemu kubwa za Ituri, unaangusha mbegu zake nzito palepale, na miche yake inavumilia kivuli kwa miaka mingi. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea saa nzima akiona karibu aina moja tu ya mti. Hata hivyo, hata mbau una wageni wake: unapochanua nyuki wanajaa, na Wambuti wanajua kwamba msimu wa asali umefika.

Wanaofika kutafuta mashamba wanashangazwa na jambo lingine. Msitu mkubwa namna hii unasimama juu ya udongo ambao, sehemu nyingi, ni maskini. Utajiri wake uko ndani ya miti yenyewe na katika majani yanayooza chini. Mchwa, uyoga na vijidudu wanayavunja majani hayo, na mizizi iliyo karibu na uso wa ardhi inachukua chakula kabla mvua haijakisukuma mbali. Ukikata na kuchoma, majivu yanalisha mavuno ya kwanza vizuri. Baada ya misimu michache mkulima anatafuta kipande kingine.

Kambi za dhahabu zinaongeza uzito. Kila kambi ni midomo ya kulisha, na mitego ya waya haichagui: uliotegwa kwa ajili ya mboloko unaweza kumkamata okapi, mnyama anayelindwa kabisa na sheria na anayebeba mimba zaidi ya miezi 14. Wanaolinda pia wamelipa. Tarehe 24 Juni 2012 waasi wa Mai-Mai Simba walishambulia kituo cha Epulu. Watu waliuawa, wakiwemo walinzi, na okapi wote 14 waliokuwa wakitunzwa pale walikufa.

Kwa tembo, hesabu ni nzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba tembo wa msitu katika Afrika ya Kati walipungua kwa asilimia 62 hivi kati ya mwaka 2002 na 2011, sababu kubwa ikiwa pembe. Kuwarudisha ni kazi ndefu: jike anaweza kupita miaka 20 kabla ya kuzaa mara ya kwanza, na mimba yake ni ya miezi 22 hivi.

Mle ndani ya msitu, njia pana ambazo tembo walizikanyaga vizazi kwa vizazi ndizo ambazo wawindaji na wavuna asali wamezoea kupitia. Mahali tembo hawapiti tena, majani yanazifunga.