Vyombo vipya jikoni, vitenzi vinavyotuponyoka

Sisi wanaisimu tuna desturi ya kukichunguza Kiswahili mahali pa fahari: bungeni, mahakamani, redioni na vitabuni. Ni nadra kumwona mmoja wetu akibisha hodi jikoni. Jambo hili linashangaza, kwa kuwa jikoni ndiko mtoto anakosikia mengi ya maneno yake ya kwanza, na ndiko vitu vipya vinakoingia kila uchao vikidai kupewa majina. Anayetaka kujua lugha yetu inaelekea wapi, na asogee karibu na meko.

Katika mtaa wa Elgon View, hapa Eldoret, tunacho chama cha kina mama ambacho hukutana Jumamosi moja katika kila mwezi. Kama vyama vingi vya Kenya, hiki nacho kilianza kwa kuchangiana fedha ili kila mmoja, kwa zamu yake, anunue sufuria, sahani na vikombe. Siku hizi wengi wetu tunavyo vyombo hivyo tele, na mazungumzo yamehamia kwenye vitu vilivyonunuliwa majuzi. Mmoja atasifu blenda yake mpya. Wa pili atasimulia jinsi kikaangio cha hewa ya moto kinavyoivisha viazi kwa mafuta kidogo mno. Wa tatu atatoa mkobani pakiti ya tui la unga, iliki na mdalasini alivyoletewa kutoka Mombasa. Tutanusa, tutaulizana bei, tutapeana mashauri. Ni darasa kamili, na mimi huhudhuria kwa masikio mawili: sikio la mpishi na sikio la mwalimu wa lugha.

Walimu wenzangu wakisikia mazungumzo hayo, jambo la kwanza watakalolilalamikia ni nomino. Blenda, maikrowevu, oveni, presha kuka! Watauliza, Kiswahili kimekwenda wapi?

Nawasihi wasiwe na hofu. Nomino za jikoni zimekuwa zikihamia kwetu kwa karne nyingi. Meza tuliipata kwa Wareno. Sahani, birika na sufuria zilitufikia kupitia kwa Waarabu. Chapati na kachumbari zilivuka bahari kutoka Bara Hindi. Maneno hayo yalipokelewa, yakapewa ngeli, yakazoea viambishi vyetu, na leo hakuna mwanafunzi anayeyaona kuwa ya kigeni. Yaliketi pamoja na wenyeji wao wa Kibantu, yaani jiko, chungu, kinu na mwiko, wala hayakumfukuza mtu.

Isitoshe, wapishi wetu hawangoji kamusi ili wakipe kitu jina. Tazama neno "meko". Katika sarufi ya darasani, meko ni wingi wa jiko. Lakini Mkenya wa leo akisema amenunua meko, ana maana ya mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake. Wingi umekuwa umoja, na neno la kale kabisa limevishwa maana mpya bila ya kikao cha kamati yoyote. Vivyo hivyo, wauza nafaka wa sehemu hizi za magharibi walilichukua kopo la kilo 2, wakaliita gorogoro, nalo likawa kipimo kinachofahamika sokoni kote. Lugha yenye uwezo wa namna hii haiwezi kuuawa na blenda.

Hatari ninayoiona mimi imo katika vitenzi.

Hebu tuvitazame. Kiswahili kina hazina kubwa ya vitenzi vya mapishi, na kila kimoja kina kazi yake. Chungu huinjikwa mekoni, kisha huepuliwa chakula kinapoiva. Muhogo hutokoswa. Samaki hubanikwa kwa kijiti kando ya moto, mkate huokwa, mandazi hukaangwa. Ugali husongwa, unga wa ngano hukandwa, chapati husukumwa, uji hukorogwa, nazi hukunwa na tui lake huchujwa. Wahenga walisema mchele mmoja mapishi mbalimbali. Tofauti ya mapishi hayo haimo katika mchele wala katika sufuria. Imo katika vitendo vya mpishi, na vitendo hivyo hubebwa na vitenzi.

Sasa chukua kitendo kimoja tu cha kuvunjavunja chakula. Kutwanga ni kupiga kwa mchi ndani ya kinu. Kuponda ni kubonyeza hadi kitu kilainike. Kusaga ni kufanya unga. Kupaaza ni kusaga nusunusu, chembe zikabaki kubwakubwa. Kufunda ni kutwanga viungo vikawa laini. Na kamusi zetu huorodhesha pia kufunda kwa maana ya kumfunza mwari adabu na maarifa ya maisha. Hivyo ni vitenzi vitano, na kila kimoja kinamwambia mpishi chakula kinatakiwa kiweje mwishoni.

Katika chama chetu, vyote vitano vimekuwa kimoja: kublendi. Nyanya zinablendiwa, vitunguu saumu vinablendiwa, karanga zinablendiwa. Kisarufi, neno hilo halina kasoro. Limeishia kwa irabu i, kama vitenzi vingine vya mkopo, mathalan fikiri na safiri, na linakubali kunyambuliwa bila taabu. Upungufu wake ni kwamba halisemi kitu kwa upambanuzi. Ukimwambia mtu ablendi karanga, atauliza: ziwe unga, ziwe chenga au ziwe rojo? Mashine yenyewe inaweza kufanya yote matatu, kwani ina vitufe vya kasi mbalimbali. Tuliokosa vitufe ni sisi.

Si kila kitenzi kimeponyokwa. Choma kimesimama imara kama mlima Elgon wenyewe. Kilijiunga na nyama, kikaunda jina "nyama choma", ambalo hata wageni wasiojua neno jingine la Kiswahili hulitamka. Kwa nini choma kimedumu ilhali banika imesahauliwa? Kwa sababu choma kinatumika hadharani, kinaagizwa hotelini, kinaandikwa ukutani, kinasemwa mbele ya watoto. Kitenzi huishi kwa kutumiwa, na kutumiwa huko kunataka mtu wa kukitamka na mtu wa kukisikia.

Huenda msomaji akauliza, je, kuna madhara gani iwapo kupaaza na kufunda vitalala kamusini? Dunia haisimami. Kinu chenyewe kilikuwa mateso, na mabinti walioamshwa alfajiri kutwanga hawakilii. Nakubaliana naye. Mimi sitamani kurudi kwenye kinu, na blenda yangu siitoi kwa yeyote. Lakini upo mkasa mmoja uliotokea mtaani kwetu ambao unajibu swali hilo kuliko nadharia.

Eldoret iko katika mwinuko wa takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi, na maji huchemka yakifika nyuzi 93 hivi za selsiasi, badala ya 100 kama kule Mombasa. Ndiyo maana maharagwe na mahindi ya githeri huchukua saa nyingi kuiva huku kwetu, na gesi au makaa yakateketea bure. Jiko la presha huufunga mvuke ndani, mgandamizo ukapanda, na maji yakaweza kuzidi nyuzi 110 kabla ya kuchemka. Kwa hivyo chombo hiki, ambacho pwani ni cha kurahisisha kazi, kwetu nyanda za juu ni karibu lazima. Kampuni ya umeme ya Kenya Power imewahi kuendesha kampeni iliyoitwa Pika na Power ili kuwahimiza watu wapike kwa umeme, na majiko ya presha ya umeme yalikuwa miongoni mwa vifaa vilivyonadiwa.

Jirani yangu mmoja alinunua jiko la namna hiyo, akalisifu chamani, kisha akamwachia msaidizi wake wa nyumbani. Hapa pana jambo ambalo hatulisemi sana Elgon View: aghalabu anayenunua chombo siye anayekitumia. Kijitabu cha maelezo kilikuwa na lugha sita, na Kiswahili hakikuwamo. Mwenye nyumba akayafasiri maelezo kwa kinywa, akiwa mlangoni, akielekea kazini: "Dada, yakiiva ufungue hiyo kitu, presha itoke." Alikusudia vali ndogo iliyo juu ya kifuniko. Dada akaelewa kifuniko. Kilipolegea kabla ya mvuke kuisha, maharagwe ya moto yalimrukia, akaungua mkono na shingo. Jioni hiyo aliambiwa kuwa hana makini.

Mimi nasema makini alikuwa nayo. Alitii neno alilopewa. Kosa lilikuwa la kitenzi kimoja kilichobebeshwa kazi ya vitenzi vitatu. Kiswahili kinatofautisha kufungua na kufunua. Kilichofungwa hufunguliwa, kilichofunikwa hufunuliwa. Na mvuke haufunguliwi wala haufunuliwi, mvuke hutolewa. Agizo sahihi lingekuwa fupi tu: "Toa mvuke kwa kuisogeza vali. Ngoja mpaka sauti ya mvuke inyamaze kabisa. Ndipo ufungue kifuniko na kukifunua." Sentensi tatu, vitenzi vilivyo wazi, na ngozi ya binadamu ingesalimika. Tena hakuna neno hata moja ndani yake ambalo mwanafunzi wa darasa la sita hawezi kulielewa.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 46 inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidi bidhaa hiyo kikamilifu. Ukizisoma ibara hizo mbili sanjari, utajiuliza ni habari gani anayopewa msaidizi wa nyumbani kupitia kijitabu chenye lugha sita asizozisoma. Waagizaji wa bidhaa wanapaswa kulijibu swali hilo. Lakini hata wakiamua kesho kuandika kwa Kiswahili, watahitaji watu wa kuwaandikia, na watu hao wamo madarasani mwetu hivi sasa.

Ndipo ninapowageukia walimu. Wengi wetu tumefundisha uandishi wa resipe katika insha za kiuamilifu. Tunajua jinsi mambo yanavyokwenda. Mwanafunzi hukariri muundo: kichwa, viambato, hatua. Kisha katika hatua zote hutumia vitenzi vitatu, weka, changanya na pika, akapata alama zake na kusonga mbele. Hana hatia. Sayansi ya nyumbani imefundishwa kwa Kiingereza tangu enzi za mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na katika nyumba nyingi za Eldoret jikoni husemwa Kikalenjin, Kiluhya, Kikuyu au Kiingereza. Huyu kijana kufahamu mursik na kimyet anafahamu, lakini kuinjika na kuepua hakuvirithi kwa mama yake. Asipovipata kwa mwalimu wa Kiswahili, atavipata wapi? Na mwalimu akimtajia kuwa jungu kuu halikosi ukoko, atauelewaje ukoko ikiwa sufuria za kwao hazigandishi chakula?

Pendekezo langu halihitaji fedha. Kila mwanafunzi atafute kifaa kimoja kinachotumika nyumbani kwao au jirani, kiwe meko, blenda, jiko la makaa au pasi ya umeme. Aandike ukurasa mmoja wa maelekezo kwa Kiswahili. Jina la kifaa asihangaike nalo. Alitumie lile linalotumiwa na watu. Juhudi yake yote aielekeze kwenye vitenzi. Kisha kazi hiyo isisahihishwe na mwalimu peke yake. Impelekee mtu ambaye hajawahi kukitumia kifaa hicho, naye ayafuate maelekezo hatua kwa hatua huku mwandishi akitazama bila kusema neno. Pale msomaji atakaposita, kitenzi kimeshindwa, na hapo ndipo pa kusahihisha. Kwa kifaa chenye moto, umeme au mvuke, jaribio lifanywe kikiwa baridi na kimezimwa.

Zoezi la namna hiyo litamfunza mwanafunzi kamusi, sarufi, mpangilio wa mawazo na heshima kwa msomaji kwa mpigo mmoja. Litamfunza pia kwamba lugha sanifu si pambo la mtihani. Ni chombo cha kazi, na chombo butu humkata anayekitumia.

Nasi wa Elgon View tuna zoezi letu. Tutaendelea kununua, maana vitu vizuri havikomi kuja, na sioni aibu katika kufurahia chombo kipya. Lakini kabla ya kukisifu chamani, tuketi na yule atakayekitumia, tumweleze kwa Kiswahili kinachopambanua, kisha tumwombe naye atueleze alivyoelewa. Vitenzi vitakavyotuwia vigumu kuvipata, tuwaulize walimu wa watoto wetu. Na walimu, tafadhali, wawe navyo.